Gauni Lililomkera Kidoti

Kila asubuhi nyumba ya Fundi iliamka na vita, na vita vyenyewe vilikuwa vya gauni.

Fundi alikuwa mshonaji. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa duka lake. Kilikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na sare za shule zilizoning'inia ukutani mpaka karibu na dari. Shule ya jirani ilishonesha sare zake zote kwake. Mumewe alikuwa kinyozi, na kibanda chake kilitazamana na duka hilo, ng'ambo ya barabara. Walikuwa na binti mmoja, mwanafunzi wa darasa la pili. Kila mtu alimwita Kidoti kwa sababu ya alama ndogo nyeusi shavuni.

Kidoti alikuwa mtoto wa maneno machache. Aliweza kukaa chini ya meza ya kukatia muda mrefu, akipanga nyuzi za mama yake kwa rangi, kuanzia nyeupe mpaka nyeusi. Lakini saa ya kuvaa sare ilipofika, aligeuka mbogo.

"Umeligeuza tena!" Fundi alisema asubuhi ile. Kidoti alikuwa amelivaa gauni la shule ndani nje, mishono yote hadharani. "Mtoto wa fundi unatoka hivi? Watu watasema mama yako hajui kushona!"

Akamvua, akaligeuza gauni, akamvalisha. Kidoti akalia. Akajikunjakunja na kuivuta kola kwa mikono yote miwili.

"Mwanangu, hilo ndilo gauni zuri kuliko yote shuleni," Fundi alisema, na hakutia chumvi. Kidoti alikuwa na tabia ya kuchana magauni. Kila alipochana moja, mama yake alimshonea jingine imara zaidi. Palipotosha mshono mmoja alipiga miwili. Kola aliitia wanga mpaka ikasimama yenyewe. Ndani ya shingo alishonea lebo ya duka lake kwa uzi mgumu, ili isibanduke. Gauni lilizidi kuwa bora, na mtoto alizidi kulia.

Baba naye alikuwa na lake. Kidoti alikuwa hataki hata kusikia sauti ya mashine ya kunyolea. Nywele zake zilikuwa msitu, na shule ilitaka nywele fupi. Wateja walimtania Kinyozi mpaka wakavunjika mbavu.

"Kinyozi, bintiyo umemkosea nini? Au hana nauli ya kuvuka barabara?"

Kinyozi alicheka nao. Moyoni haikumchekesha hata kidogo.

Siku hiyo, kabla ya saa sita, simu ya Fundi iliita. Alikuwa mwalimu mkuu.

"Mama, njoo shuleni. Njoo na baba yake."

Walimkuta Kidoti amejikunyata kwenye kona ya ofisi, amefunikwa koti la mwalimu wake wa darasa. Ndani ya koti alikuwa na shimizi tu. Gauni lilikuwa mezani, limechanika kutoka shingoni hadi kiunoni. Mwalimu wa darasa, kijana mrefu, alikuwa ameushika mkono wake mmoja kwa mwingine.

"Kengele ililia," alieleza. "Watoto wakatoka kwa kusukumana. Huyu akaziba masikio, akapiga kelele, akalirarua gauni. Nikamwambia avae. Hakusikia. Nikampiga kofi." Akauinua ule mkono. "Akaning'ata."

Mwalimu mkuu alishusha pumzi. "Wazazi, nimevumilia vya kutosha. Wazazi wenzenu wanalalamika. Likitokea tena, mtamtafutia shule nyingine. Na mnajua shule nyingine iko wapi."

Walijua. Ilikuwa mbali, na mtoto anayeogopa kengele asingeweza kwenda huko peke yake. Maana yake ni kwamba Kidoti angebaki nyumbani. Fundi alitembea kurudi dukani akiwa ameinamisha kichwa. Njiani alipishana na watoto waliovaa sare alizoshona yeye mwenyewe, safi na nadhifu. Mtoto pekee asiyekuwa na nguo alikuwa wake.

Jioni wifi yake, dada wa Kinyozi, alifika na ushauri wake tayari.

"Wifi, mtoto umemdekeza huyo. Mtie viboko, atavaa hata gunia."

"Dada, viboko tumeshajaribu," Kinyozi alijibu. "Analia zaidi, na nguo anavua vilevile."

"Basi kuna mkono wa mtu hapo. Mtoto wenu amerogwa."

Fundi alishika tama. Angeweza kushona chochote kile, lakini hili hakujua aanze kulikata wapi.

Kesho yake Kidoti hakwenda shule. Fundi alikuwa cherehanini aliposikia sauti mlangoni.

"Hodi, fundi! Gauni langu liko tayari, au bado tunaingoja ile kesho yako isiyofika?"

Alikuwa Mama Mapacha, jirani wa mtaa wa nyuma. Alikuwa mwalimu wa elimu maalumu katika shule ya upande wa pili wa mji, na siku hiyo alikuwa na ruhusa.

"Liko tayari, Mama Mapacha. Leo umenionea."

Mama Mapacha alicheka, kisha akamwona Kidoti chini ya meza. "Na bibi huyu? Leo si siku ya shule?"

Fundi alijikaza, lakini machozi yakamshinda. Alimweleza yote, kofi, kung'ata, na shule iliyo mbali. Mama Mapacha alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akaketi sakafuni, si karibu sana na mtoto. Hakumsemesha wala kumkazia macho. Aliokota uzi mwekundu, akauweka kati ya bluu na zambarau.

Kidoti aliutazama uzi ule. Akauondoa polepole, akaupeleka kwa wekundu wenzake.

"Naam, nilikosea," Mama Mapacha alisema kwa sauti ya chini. Kisha akamgeukia Fundi. "Mbona sasa hivi ametulia, na gauni la shule amelivaa?"

"Ni la akiba, amelivaa mwenyewe ndani nje. Nimechoka kugombana naye."

"Huwa analivaa hivyo?"

"Kila siku! Mimi nageuza, yeye anageuza."

"Niletee lile lililochanika." Alilipokea, akaingiza mkono upande wa ndani. "Hebu pasugue hapa, penye lebo."

Fundi alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mimi ninayeshona unanifundisha kitambaa?"

"Usitumie vidole. Vidole vya fundi vimeota sugu. Sugua shingoni."

Fundi aliisugua lebo shingoni mwake, halafu na ule mshono uliopigwa mara mbili. Akakunja uso. "Inakwaruza kidogo."

"Kwako kidogo. Kuna watoto ambao ngozi yao inahisi mara nyingi zaidi kuliko yako na yangu. Kwake huenda ni sawa na kuvaa miiba kutwa. Na masikio ni hivyohivyo. Kengele yetu ya kawaida, yeye anaisikia kama inagongwa ndani ya kichwa chake. Anavumilia miiba tangu asubuhi. Kengele inalia, watoto wanamsukuma, kofi linatua. Wewe ungefanya nini?"

Fundi alilitazama gauni mapajani mwake. "Kwa hiyo kila nilipoongeza mshono..."

"Uliongeza maumivu. Lakini hukujua."

"Kila asubuhi alilivaa ndani nje, mimi namfokea." Aliishika ile lebo. "Kumbe alikuwa ananiambia."

"Alikuwa anakuambia, tena kila siku. Ila maneno ndiyo yanayomwia magumu."

Kinyozi alikuwa amevuka barabara kuja kunywa maji, na sasa alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi. "Mwalimu, huyu mtoto ana nini? Ni ugonjwa?"

"Shemeji, mimi si daktari, na si vizuri kumbandika mtoto jina kwa kumtazama tu. Mpelekeni hospitali, mkaombe apimwe na wataalamu wa watoto. Inaweza kuwa usonji. Ni hali ambayo mtoto anazaliwa nayo. Ubongo wake unapokea mambo kwa namna yake, sauti, mwanga, kuguswa, hata mazungumzo. Usonji hauambukizi. Si uchawi, wala si matokeo ya kudekezwa."

"Usonji una dawa?"

"Hakuna dawa ya kuuondoa. Akitokea mtu wa kukuuzia, mkimbie. Lakini mtoto akipata msaada, anasoma, anacheza, anajifunza kazi. Wengine wanahitaji msaada mwingi, wengine kidogo. Cha kwanza ni kujua nini kinamwumiza, mkiondoe. Cha pili, mwambieni mapema kitu kinachofuata, kwa maneno machache. Na msimpige. Kipigo hakimfundishi kitu, kinamtisha tu."

Walimpeleka. Walirudi tena na tena, kwa sababu kupima hali ya namna ile si kazi ya siku moja. Mwishowe mtaalamu aliwathibitishia kwamba ni usonji, akawafundisha mengi ya kufanya nyumbani. Fundi alilia kidogo hospitalini. Njiani alijifuta macho, akaanza kuwaza vitambaa.

Alichagua pamba laini, akaifua mara kadhaa hadi ikalegea. Hakutia wanga. Kola aliifanya bapa, na lebo hakuiweka. Mishono yote aliipeleka nje, upande wa ndani ukabaki laini kabisa. Alipomaliza, alilitundika ukutani katikati ya sare nyingine, akaona aibu. Kwa macho ya fundi, lilikuwa gauni la mwanagenzi aliyeshona akisinzia.

"Akipita nalo barabarani, nani ataniletea kazi tena?" alimwuliza mumewe.

"Mke wangu, mimi wananicheka kila siku kwa nywele za binti yangu. Umeona wamehama kwenda kunyolewa kwingine?"

Fundi akapiga moyo konde. Alilikunja gauni, akalipeleka shuleni akiongozana na Mama Mapacha.

Mwalimu mkuu aliligeuza upande huu na upande ule. "Mama, hili limeshonwa kinyume. Sare ni sare."

"Rangi ni ileile, mwalimu, na urefu ni uleule. Kilichohama ni mshono tu. Kama ni aibu, basi ni yangu mimi fundi. Mtoto anachotaka ni kukaa darasani."

Mwalimu mkuu akamwita mwalimu wa darasa. Mama Mapacha akawaeleza habari ya ngozi na masikio. Walimu wote wawili walimwuliza maswali mengi, kwa sababu mambo hayo walikuwa hawajayasikia vizuri.

"Kwa hiyo lile kofi..." mwalimu wa darasa alianza.

"Lilikwisha siku ile," Fundi alimwambia. "Hata mimi nilimfokea miaka yote. Tuanze upya."

"Tujaribu," mwalimu mkuu alisema. Alikubali shingo upande kidogo, lakini alikubali.

Mwalimu wa darasa alimhamisha Kidoti kutoka mlangoni, akamweka ubavuni mwa ukuta, pasipo msongamano. Kila asubuhi alichora ubaoni picha ndogo za mambo ya siku, kitabu, hesabu, mpira, nyumbani. Kengele ilipokaribia kulia, alimwonyesha Kidoti ishara ya mkono, naye akaziba masikio yake mapema, akangoja wenzake watoke kwanza. Nyuma ya kabati kukawekwa mkeka. Akizidiwa, aliruhusiwa kukaa hapo mpaka atulie, bila kuomba. Picha za ubaoni ziliwasaidia hata watoto wengine, wale wanaouliza kila dakika kama saa ya kucheza imefika.

Mambo hayakunyooka mara moja. Siku moja alikuja mwalimu mgeni, asiyejua ishara. Kengele ilimkuta Kidoti hajajiandaa, akapiga kelele. Lakini alikwenda mkekani mwenyewe, na gauni likabaki mwilini. Mwalimu mkuu alisimama dirishani akaona kwa macho yake. Hilo la shule nyingine hakulitaja tena.

Nyumbani, Kinyozi aliiweka mashine kando, akachukua mkasi. Alimwonyesha Kidoti kwanza, akamwachia aushike. Kisha akakata shungi moja tu, basi. Siku nyingine mashungi mawili. Ilichukua muda, na kwa kitambo kirefu nywele zile zilikuwa fupi huku na ndefu kule. Wateja walipata cha kusema, naye akawajibu, "Ni mtindo mpya. Mkae foleni."

Hata wifi alikuja kuangalia. Alisimama mlangoni mwa duka mchana watoto wakirudi, akamwona Kidoti anaingia na gauni lake lenye mishono ya nje, bila chozi.

"Wifi, ulimpa nini?"

"Nilimwondolea," Fundi alijibu.

Zamani, Kidoti alikuwa akivua sare tangu kizingitini, kabla hata mkoba haujagusa chini. Siku hizi ugomvi wa gauni haujaisha katika nyumba ile, ila umegeuka. Mama anasimama na beseni la maji ya sabuni, anabembeleza, anaahidi litakauka upesi. Kidoti anakimbilia chini ya meza akiwa amelikumbatia gauni mwilini.

"Livue nilifue, mwanangu. Tafadhali."

"Sitaki," anasema Kidoti. "Zuri."