Pazia Lisilofika Sakafuni

Kila siku alipotoka shule, Daon alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, kisha akampelekea Mama bakuli la uji wa mchele. Alimkuta palepale, amelala juu ya godoro jembamba lililotandikwa sakafuni, uso ameugeuzia ukutani. Chumba kile kilikuwa na dirisha refu kama mlango, lililotazama magharibi, na joto la Daegu, jiji la Korea, halina huruma. Ikifika saa kumi jioni, jua liliingia zima zima. Tangu Mama apatwe na uvimbe kichwani, mwanga ulimchoma macho kama sindano.

"Nikipata pazia zito," alimwambia Baba, "nitaugulia hapahapa nyumbani. Hospitali nimeichoka."

Jumamosi moja walikwenda soko la vitambaa, Mama akiegemea bega la Daon. Zamani Mama alifanya kazi katika kiwanda cha kufuma nguo, kwa hiyo hakuchagua kwa macho tu. Alikisugua kila kitambaa kwa vidole, akakiinua mbele ya taa aone kama mwanga unapenya. Mwenye duka, Bwana Tak, alishusha majora hadi jasho likamtoka.

"Hiki chekundu je, Mama?" aliuliza Daon.

"Nilale mchana kutwa ndani ya pilipili?" Mama akacheka. Zilikuwa zimepita siku nyingi tangu Daon asikie kicheko kile.

Mwishowe Mama alichagua cha kijani, kama shayiri changa. Kilikuwa kipande cha mwisho cha jora lile.

Fundi wa duka aliitwa Bibi Ok-bun, mwanamke wa miaka sabini na kitu, mwenye miwani minene. Alimpa Daon utepe wa kupimia. "Mjukuu wangu, kapime wewe, mama yako asisumbuke. Panda juu ya stuli, anzia kwenye reli ya pazia, ushuke mpaka sakafuni. Usinipimie kwa macho. Macho ni waongo wakubwa."

"Sawa, Bibi," alisema Daon.

Kesho yake, kabla hajaigusa stuli, sauti ya rafiki yake Yeseul ilipaa kutoka uani. "Daon! Unashuka, au umeota mizizi huko juu? Wenzako tumeshaanza kuruka kamba!"

Daon akausimamisha utepe ukutani hadi mkono wake ulipofika. Sehemu iliyobaki juu akaikadiria. "Hapo labda sentimita ishirini," alijiambia, kisha akampigia fundi simu.

"Umepima kutoka kwenye reli?" aliuliza Bibi Ok-bun.

"Ndiyo, Bibi."

"Mpaka chini kabisa?"

"Ndiyo, Bibi. Mara mbili."

Pazia lilipoletwa, Baba alilitundika mwenyewe. Lilining'inia vizuri, zito, la kupendeza, na likaishia juu ya sakafu kiasi cha mkono mzima. Jioni ile jua lilipita chini yake kama maji yanavyopita chini ya mlango, likatua usoni mwa Mama. Baba aliziba nafasi ile kwa maboksi, lakini upepo ukakatika na Mama akashindwa kupumua. Maboksi yakaondolewa.

Baba, ambaye hakuwa mtu wa kelele, alimpigia simu Bwana Tak na kufoka. "Fundi wako kipofu! Mke wangu mgonjwa anaungua na jua!"

"Nisamehe, kaka," sauti ya Bwana Tak ilisikika. "Macho ya yule bibi yameisha. Nilikuwa namwonea haya tu. Leo namwachisha kazi."

Daon alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwa baba yake. Alichukua bakuli la uji, akaenda kuliosha. Kitambaa kile kilikuwa kimekwisha, na pesa za pazia lingine hazikuwapo.

Siku kumi na mbili zilipita. Alasiri moja, akipita sokoni, Daon alimwona Bibi Ok-bun. Alikuwa amekaa chini kando ya wauza mboga, akimenya vitunguu saumu, vidole vimevimba kwa ukali wa vitunguu. Bibi hakumwona. Daon alikimbia hadi nyumbani, akapiga magoti kando ya godoro.

"Mama, sikupanda stuli. Nilikisia."

Mama hakugeuka. "Najua."

"Unajua?"

"Ile stuli ikiburutwa, jirani wa chini hugonga dari kwa ufagio. Siku ile hakugonga mtu."

"Mbona hukuniambia?" Daon alianza kulia.

"Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe. Mimi ni mama yako, jua nitalivumilia. Lakini yule bibi wa watu ana kosa gani?"

Baba aliporudi kutoka kazini, Daon alimweleza yote. Baba alikaa chini taratibu. "Nimemwita kipofu mtu wa umri wa mama yangu," alisema, akafunika uso.

Asubuhi iliyofuata walikwenda wote wawili. Mbele ya soko zima Baba aliinama mbele ya Bibi Ok-bun hadi kichwa kikakaribia magoti, na Daon akainama pembeni yake. "Mimi ndiye niliyedanganya, Bibi," alisema. "Wewe ulikata kama nilivyokuambia."

Bwana Tak alipozipata habari hizo aliona aibu, akaja kumwomba bibi radhi, akamrudishia kazi yake. Bibi alifuta mikono yenye harufu ya saumu. "Nileteeni hilo pazia," alisema. "Nitaliongezea kitambaa cha kahawia kwa chini. Mnipe siku tatu."

Mama hakuwa nazo. Kesho yake alipoteza fahamu, gari la wagonjwa likaja. Hospitalini alizinduka kidogo, Daon akamnong'oneza, "Mama, Bibi amerudi kwenye cherehani yake." Mama alikibana kidole cha Daon, akakishikilia. Ijumaa mchana alifariki dunia.

Baada ya maziko, Bibi Ok-bun alilileta pazia mwenyewe. Daon alipanda stuli akalitundika. Lilifika sakafuni barabara. Chumba kikapoa, kikawa na giza zuri la kupumzikia, na pale chini hapakuwa na godoro.

"Sasa la nini, Bibi?" Daon alishuka akaangua kilio. "La nini sasa?"

Bibi Ok-bun alikaa sakafuni, akamvuta kifuani. Baba alisimama mlangoni, machozi yakimtiririka.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema Bibi. "Kitambaa kikipungua, mimi nina uzi na sindano, naongeza. Siku alizolala mama yako na jua usoni, hakuna fundi wa kuzirekebisha. Ndiyo maana kazi ya kupima haifanywi ovyo ovyo, na ukikosea, sema siku ileile, kabla kosa lako halijamlalia mwingine. Umechelewa, sitakuficha. Lakini ulikiri mama yako angali anasikia. Wengi huja kuyasema mbele ya kaburi."

Daon aliendelea kulia, na Bibi hakumharakisha.