Mama Yake Hafai

Jengo lile la vifaa vya kompyuta halikuwa na kimya hata siku moja. Ngazi zimejaa watu, wauzaji wanaitana juu ya vichwa vya wateja, feni zinavuma, na harufu ya risasi ya kuchomelea inakupokea mlangoni kabla mtu hajakukaribisha. Mchana mmoja, kijana aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama alikuwa akipenya katikati ya mabega ya watu, amekumbatia kiboksi kidogo kifuani. Akamkanyaga mtu.

"Wewe! Mguu huo una mwenyewe."

"Samahani dada, sikukuona."

"Hukuniona? Mtu mzima na ovaroli nyekundu?"

Kweli ovaroli ilikuwa nyekundu, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, na kitambaa cha manjano kimefungwa kichwani kwa maringo yasiyohusiana kabisa na madoa ya vidoleni. Bisibisi ilikuwa imechomekwa juu ya sikio. Duka lake lilikuwa mkabala na ngazi, na ingawa mafundi walikuwa wengi, ukisema Fundi tu watu wote walijua unamtaka yeye.

"Una nini humo unakikumbatia hivyo?"

"Prosesa, ubongo wa kompyuta. Mimi mchoraji. Nachora nyumba ambazo hazijajengwa, kisha natengeneza video ili mwenye nyumba aone atakavyotembea ndani. Kompyuta yangu inajikokota. Nataka madabodi, ule ubao mkuu wa ndani, ya kuifungia hii, halafu niikimbize kuliko kasi ya kiwandani."

Macho ya Fundi yakachangamka. "Na watu wamekuruhusu?"

"Nani? Kazini wameniambia nisithubutu. Mama anasema nitaunguza nyumba. Rafiki zangu wanasema kiwango kimewekwa na wanaojua."

"Kiwango cha kiwandani ni woga wa mwenye kiwanda," alisema Fundi. "Ingia ndani."

Mchoraji hakuchelewa kuchagua. Alinyoosha kidole kwenye madabodi iliyokuwa ikimeremeta rangi zote juu ya kabati. "Ile pale."

"Ile sikuuzii."

"Sasa umeianika ya nini?"

"Ivute macho, na imekuvuta. Njoo uione vizuri." Akaishusha. "Hivi vidude vinavyozunguka mahali pa prosesa ndivyo vinavyoilisha umeme. Ukiikimbiza prosesa, inakula umeme mwingi, na hivi vinachemka. Hapa ni vichache, tena viko uchi, hakuna hata kipande cha bati cha kuvipoza. Taa hizi zote ni za harusi, na harusi yenyewe haina chakula." Akachukua nyingine, nyeusi, nzito, isiyo na pambo lolote. "Hii ndiyo ninayoiamini. Vidude vya kutosha, bati nene juu yake, na ukizidisha kasi ikagoma kuwaka, unabonyeza kitufe hiki, inarudi ilivyokuwa."

"Mbaya kama tofali."

"Tofali ndilo linalobeba nyumba, mchoraji. Au kwenye michoro yako nyumba zinaelea?"

Mchoraji alicheka, lakini ubishi ulikuwa umeshamwingia. Akaenda duka la jirani, akanunua ile ile yenye taa, kisha akapita nayo makusudi mbele ya Fundi. Fundi hakununa. Alitoka na kalamu, akaandika nambari ya simu juu ya boksi lake.

"Itakapozima, usihangaike na jirani. Nipigie mimi."

Alipiga kabla haijazima.

"Fundi, joto limefika themanini."

"La prosesa au la moyo?"

"Yote mawili, ila moja tu ndilo lenye feni."

"Basi punguza kasi, mahabuba, mpaka utakapokubali kununua tofali."

"Umeniitaje?"

"Nimekuita mbishi. Feni zako zina kelele, husikii vizuri."

Mapenzi yao yakaanzia hapo, kwenye joto la madabodi mbovu ambayo mwenyewe aliona haya kuibadilisha. Kila alasiri simu ilikuwa ikilia, "joto leo ngapi?", na jibu halikuhusu kompyuta tena. Mchoraji akawa anapita dukani bila kuwa na cha kununua. Anaketi kwenye kigoda, anamwangalia Fundi akichomelea, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, na anamchora. Fundi alikuwa akimfukuza kwa maneno na kumsogezea kigoda kwa mguu.

Kikwazo kilikuwa mama yake Mchoraji. Mama huyu alikuwa muuguzi mkuu, mjane aliyemlea mwanawe peke yake, mtu wa gauni lililonyooka na maneno machache. Siku Fundi alipopelekwa nyumbani alivaa gauni la samawati na hereni ndogo, akapendeza mpaka Mchoraji akasahau kufunga mlango. Mama hakuliona gauni. Aliviona vidole.

"Hivyo vimeungua na nini?"

"Risasi ya moto, mama. Ndiyo kazi yangu."

"Mwanangu anahitaji mke, binti yangu. Hahitaji gereji."

Fundi aliweka kikombe mezani polepole. "Nimekuelewa, mama. Ila kazi siachi."

Na Mchoraji? Mchoraji alikuwa akiangalia kapeti. Walipotoka nje, Fundi alimgeukia.

"Umemeza ulimi?"

"Nipe muda, mpenzi. Mama nitamweleza taratibu."

"Taratibu ndiyo kasi ya kiwandani," alisema, akaondoka bila kumpa mkono.

Maneno hayo yalimchoma. Kwa hasira alirudi kwenye kompyuta, akaikimbiza kupita alivyowahi kuikimbiza, na ile madabodi ya mapambo ikatoa moshi, ikafa. Akaipeleka kompyuta nzima dukani kwa Fundi, akaiacha mezani na maneno mawili ya kazi. Lakini usiku ule alijitafakari akajiona bwege, na siku iliyofuata alipanda ngazi zile akiwa amejipanga: atamwomba Fundi msamaha, kisha atamposa, halafu mama ataambiwa.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo Mchoraji hakulijua, nalo ndilo lililomponza. Mafundi wa jengo lile, wakiwa wao kwa wao, madabodi humwita mama, kama jina lake la Kiingereza lilivyo. Prosesa anayekaa kifuani kwa huyo mama humwita kijana. Mbele ya wateja hawasemi hivyo, lakini Fundi alikuwa nyuma ya kabati, simu imebanwa begani, akizungumza na fundi mwenzake.

"Kijana mwenyewe mzima, sina neno naye. Shida ni mama yake... Hapana, mama hafai! Mapambo kibao, lakini kijana akichangamka kidogo tu, mama anapandwa na joto, anazima kila kitu... Sivumilii tena. Leo namng'oa, namtupa, kijana namhamishia kwa mama mwingine anayejielewa."

Mchoraji aliyasikia yote akiwa pale mlangoni. Angeingia akauliza, mambo yangeishia hapo. Hakuingia. Alishuka ngazi akisukumana na watu, na alipofika barabarani akaandika ujumbe: "Mama yangu hang'olewi."

Fundi aliusoma akiwa na bisibisi mkononi. Akakumbuka kile kikombe, kile kimya na yale macho kwenye kapeti. Akaona amejibiwa: mwanamume amemchagua mama yake. Naye hakuwa mtu wa kubembeleza. Akaandika, "Basi kaa naye," akaizima simu.

Wajinga wawili, kila mmoja analia kivyake, na wote wana salio la kupiga.

Lakini kazi ya mteja haingoji. Fundi aliing'oa madabodi iliyoungua, akaifunga ile nyeusi aliyoisifia tangu mwanzo, akaipandishia prosesa kasi kidogo kidogo kwa siku kadhaa, akaiachia ifanye kazi nzito asubuhi nzima. Joto halikuvuka pale alipotaka. Kompyuta haikuzima. Alipoona hivyo aliinyanyua, akaiweka begani, na akaenda nayo mwenyewe nyumbani kwa Mchoraji. Gauni la samawati alilipita kabatini akaliacha. Alivaa ovaroli.

Mama ndiye aliyefungua mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Mteja wangu. Kazi yake imeisha." Akaitua kompyuta sakafuni.

Mchoraji alitoka chumbani, shati limekunjamana, ndevu zimeota ovyo. "Ungemtuma mtu."

"Kazi yangu naifikisha mwenyewe. Na ujumbe wako nimeuelewa, usihangaike kuurudia."

"Umeuelewa? Nilikusikia kwa masikio yangu! Mama yangu hafai, utamng'oa umtupe, mimi unihamishie kwa mama mwingine!"

Mama akasimama wima. "Nani atanitupa?"

Fundi aliwatazama wote wawili, mdomo wazi. Halafu kicheko kikamtoka, kikamshinda nguvu, akashika ukuta.

"Unacheka?" alifoka Mchoraji.

Fundi akafungua mkoba, akatoa ile madabodi ya taa, doa jeusi katikati. "Huyu! Huyu ndiye mama! Mafundi madabodi tunaiita mama. Na kijana ni prosesa yako, si wewe!"

Mama aliichukua, akaigeuzageuza, akagusa lile doa kwa ncha ya kucha.

"Huyu ndiye hafai?"

"Hafai, mama. Ana mapambo, hana ustahimilivu."

"Na mimi je?"

"Wewe sijasema hufai. Wewe ndiye uliyesema mimi sifai, kwa kuangalia vidole tu."

"Nilisema," alijibu mama. "Na bado nasema."

Kicheko kikaisha. Fundi akajifuta macho kwa mkono wa ovaroli, akamgeukia Mchoraji. "Umesikia. Siku ile ulinyamaza. Leo ukinyamaza natoka hapa, na nambari yangu uifute."

Maisha yake yote Mchoraji hakuwahi kumpinga mama yake uso kwa uso. Alikuwa akizunguka tu, akichelewesha, akitumaini mambo yatajipanga yenyewe. Akamgeukia mama yake.

"Mama, nakupenda, na hilo halibadiliki. Lakini huyu ndiye nitakayeishi naye. Vidole vyake ndivyo hivyo, na ovaroli yake ndiyo hiyo. Sikuombi ruhusa, nakupa taarifa. Ninachokuomba ni baraka, na ukininyima nitaoa nikiwa nimenyimwa."

"Sitakuja kwenye harusi hiyo."

"Kiti chako kitakuwa mbele kabisa. Usipokuja kitakaa kitupu, na atakayeuliza nitamwambia ni cha mama yangu."

"Ngojeni kwanza," alisema Fundi. "Mnagawana viti vya harusi ya nani? Mimi nimeulizwa?"

Mchoraji akamkabili. Maneno aliyoyapanga kwa siku zote zile yakamchanganya.

"Fundi, utanioa?"

"Nikuoe? Mimi?"

"Aa, ulimi umeteleza, nilitaka kusema..."

"Usiurudishe, nimeupenda. Nakuoa." Akamshika shati lile lililokunjamana, akamvuta karibu. "Lakini siku nyingine ukisikia nusu ya maneno, ingia ndani uulize nusu iliyobaki. Umesikia, mbishi wangu?"

"Nimesikia, mahabuba."

"Makubwa!" alisema mama. "Siku hizi wanawake ndio wanaooa?"

Mama akakaa kitini, akaiweka madabodi iliyoungua mezani, akanyoosha gauni lake magotini, na akaangalia dirishani.

"Hicho kiti," alisema mwishowe, bila kugeuza uso, "kisiwe cha plastiki."