Jedwali la Wodi ya Nane

Ndani ya chumba cha kompyuta cha hospitali ile hapakuwa na bomba la maji wala pasi, lakini adhuhuri hiyo kilinuka nguo mbichi iliyounguzwa. Mtunza kanzidata ya kumbukumbu za wagonjwa, ambaye manesi walimwita Dada Mashine, alichungulia nyuma ya mitambo, hakuona kitu, akarudi kitini.

Tangu asubuhi alikuwa na ari. Mfumo wa wagonjwa ulikuwa ukisuasua, naye alijua dawa yake: kukusanya takwimu upya. Mashine ikiulizwa habari za mgonjwa, kwanza hupanga njia, ianzie jedwali gani na iishie lipi. Hupanga kwa kutazama takwimu za kila jedwali, na hupenda kuanzia penye safu chache za kumbukumbu. Sasa jedwali moja, la Wodi ya Nane iliyofungwa zamani, takwimu zake zilidai lina mamilioni ya safu. Mzee aliyemtangulia kazini, ambaye sasa alikuwa amestaafu, alizifunga zisiguswe.

"Mzee wa watu alishachoka," alijisemea, akazifungua, akakusanya upya.

Jedwali lilikuwa na safu moja tu. Mgonjwa mmoja: ameingia, hajatoka. Penye jina pameandikwa Mgeni.

Ndipo harufu ile ilipoanza. Na ndipo simu ya mkononi ilipolia. Alikuwa nesi wa zamu.

"Dada Mashine, mfumo sasa unapaa! Umeufanyia nini?" Kisha sauti ikashuka. "Lakini huku wodini kuna kitu. Kila mgonjwa ninayemtafuta humo, nikifika kitandani namkuta anatetemeka. Wote wanasema kuna mtu amewainamia, amelowa chapachapa na ameungua. Na mimi nasikia kandambili zikiburuzwa, simwoni mtu."

"Bado nani hujamtafuta?"

"Mdogo wako. Daktari anataka aina ya damu yake kabla ya upasuaji."

Mdogo wake alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa moyo. Madaktari walikataza hata mlango kubamizwa karibu naye, asije akashtuka.

"Usimtafute! Nakuomba, mwenzangu, usiguse jina lake."

"Daktari nimwambie nini?"

"Singizia umeme. Mwambie lolote!"

Akakata, akampigia mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umezifungua takwimu zangu, siyo?"

"Nimezifungua. Ni nani huyo?"

"Si mtu. Nilimfuta, akarudi, nikamfuta tena, akarudi. Mashine ikijua yuko peke yake mle, huanzia kwake, kisha ni kama inamshika mkono na kumpeleka kwa kila anayeulizwa. Ndiyo maana niliidanganya. Irudishie uongo wangu, itaogopa kuanzia huko."

"Na akishafika kwa mtu?"

"Mgonjwa humtisha tu, akapita, ingawa mwenye moyo dhaifu hufa papo hapo. Mzima wa afya hampiti. Humkalia asimwachie."

Alizirudisha takwimu za zamani kwa vidole vilivyokosea herufi, akafuta, akaandika tena, huku kandambili zikiburuzwa mahali fulani kwenye korido, zikisimama, zikiburuzwa, na yeye akiomba kimoyomoyo asisikie kelele kutoka wodini, mpaka mashine ilipokubali, na mfumo ukarudi kusuasua kama kobe, na yeye kwa mara ya kwanza maishani akaushukuru uzito huo.

Simu ikalia. "Kumetulia," nesi alisema, akicheka kwa uchovu. "Mdogo wako amelala kama mtoto. Hakuona kitu."

"Alhamdulillahi. Asante sana, ndugu yangu."

"Wewe ndiye wa kushukuriwa. Bahati nzuri namba yako ya simu niliipata upesi."

"Nani alikupa?"

"Si nimekutafuta mwenyewe kwenye mfumo? Ulijifungulia hapa, umo humo. Ni pale nilipotaka kukupigia mara ya kwanza, mfumo ulipokuwa bado unapaa."

Mgongo wa kiti cha Dada Mashine ulikuwa umeanza kulalia nyuma taratibu, kama mtu mzito ameweka mikono miwili juu yake, na katika kioo cheusi cha kompyuta aliona uso wake mwenyewe, na juu ya uso wake uso mwingine, ukiinama bila haraka, na tone la maji likamdondokea utosini, likifuatwa na jingine, wakati nesi akiendelea kuita, "Haloo? Dada? Haloo?"