Pandeni Twende

Jua lilikuwa linazama gari lilipochemsha tena, na Dereva akashuka na dumu la maji huku ananung'unika. Kwa siku ya kwanza ya likizo, alikuwa ameshachoka kama mtu wa siku ya kumi.

Tumwite Dereva tu, maana hata wakwe zake walimwita hivyo. Miaka nenda miaka rudi aliendesha basi la wafanyakazi wa kiwanda, barabara moja iliyonyooka kama rula. Mkewe, fundi cherehani, ndiye aliyetaka safari hii ya kiangazi. Siyo safari ya kwenda mahali. Safari ya kuzurura. "Tukiona njia nzuri, tunakata kona," alisema. Basi tangu asubuhi wamekata kona mpaka kizunguzungu, na kila kona na ugomvi wake. Hata kuondoka waliondoka wamenuniana, kisa mto wa kulalia, wakatoka bila kuomba. Mungu atusamehe, ndivyo tulivyo tukikasirika.

"Lile shimo umelikwepa au umelitafuta?" mkewe alimuuliza mchana.

"Njoo uendeshe wewe."

"Ningeendesha mimi tungeshafika."

"Tufike wapi, Fundi? Si ulisema hatuendi popote?"

Sasa alimimina maji kwenye rejeta, akabamiza boneti. Kisha, kwa mazoea ya kazi, bila kuangalia, akapiga bodi la gari kwa kiganja na kupaza sauti:

"Haya, pandeni twende!"

Mlango wa nyuma ukafunguka.

Ukafungwa. Taratibu.

"Pandeni?" mkewe alidakia kutoka kiti cha mbele Dereva alipoingia. "Unamwita nani, wewe bwana? Mimi nimekaa hapa nachemka kama hiyo rejeta yako."

"Mazoea. Umeweka nini nyuma?"

"Si wewe umeweka dumu?"

Dumu lilikuwa mkononi mwa Dereva. Asingekuwa na hasira, pengine angelifikiria hilo. Alilitupa miguuni pa mkewe, akatia gia.

Gari likawa zito. Kwenye tambarare lilivuta kama linapanda mlima. Halafu ile harufu... udongo mbichi, uliolowa. Na mvua haikuwa imenyesha kwa miezi.

"Kuna kitu kimeoza humu," mkewe alisema.

"Ni maneno yako."

Nyuma, springi za kiti zikalia. Kriii...

Walisimama kwenye kibanda cha chai kilichokuwa karibu kufungwa. Mama wa chai akaweka vikombe vitatu mezani.

"Mama, tuko wawili," Dereva alifoka. "Mbona mnatubambikia vitu?"

"Na yule bibi uliyemwacha garini? Hata chai hamumpi?"

Wote wawili wakageuka. Kwenye kiti cha nyuma begi la nguo lilikuwa limesukumwa pembeni. Katikati kiti kilikuwa kimebonyea.

Hapakuwa na mtu.

Mama wa chai akakiondoa kikombe cha tatu.

"Mlimwita?" alinong'ona.

"Nilisema tu... pandeni twende."

"Basi umemwita. Hapandi asipoitwa. Mshushe kwa maneno yako mwenyewe, kama ulivyompandisha. Huko mbele, siyo hapa kwangu. Na ukishaondoka, ukiitwa nyuma usisimame."

"Ni nani?"

"Nendeni, jamani. Nina watoto."

Akateremsha dirisha la kibanda. Komeo likalia ndani.

"Mimi sirudi mle," mkewe alisema. Lakini giza lilikuwa limeshaingia na nyumba nyingine haikuonekana. Akamshika mumewe mkono, kwa mara ya kwanza siku ile. Wakarudi garini.

Walipovuka kilima kimoja, Dereva akasimamisha gari. Akasema kama anavyosema kila jioni kwenye basi lake:

"Mwisho wa gari. Shukeni wote."

Mlango wa nyuma ukafunguka. Springi zikapumua.

Halafu mlango wa mbele nao ukafunguka.

"Fundi! Wewe unakwenda wapi?"

"Umesema wote," mkewe alijibu, kwa sauti ya mtu aliye usingizini. Akashuka gizani.

Dereva akafungua mdomo amwite apande. Akaufumba. Akisema panda, atapanda nani?

Akazunguka gari akipapasa, bila neno. Kiganja chake kikagusa mkono. Akaushika, akamwingiza mwenye mkono kwenye kiti cha mbele, akafunga mlango, akakanyaga mafuta.

Gari likawa jepesi. Dereva akacheka, machozi yanamtoka. Alikuwa anamshukuru Mungu kwa sauti gari lilipotumbukia kwenye shimo, likaruka mzimamzima. Akasubiri maneno ya mkewe.

Kimya.

Shimo la pili akalifuata makusudi.

"Unaendesha vizuri sana, dereva," sauti ya mkewe ikasema pembeni yake.

Katika ndoa yao yote, Fundi hakuwahi kuusifu uendeshaji wake. Wala hakuwahi kumwita dereva.

Harufu ya udongo mbichi ikampanda puani.

Na huko nyuma, mbali, mtu alikuwa anakimbia huku analia:

"Wewe bwana! Wewe bwanaaa! Umeniacha!"

Ukiitwa usisimame, aliambiwa. Mguu wake ukabaki hewani, kati ya breki na mafuta, na gari likazidi kuteremka lenyewe.