Jina la Baba Mkwe

Qali hakumtafuta Issack asubuhi ile. Walipamiana tu katika msongamano wa soko la Garissa, mbele ya wauza maziwa ya ngamia, na Issack, ndani ya suti yake ya kahawia ya Nairobi, akatabasamu kana kwamba hana kosa. Mwaka ule wa 1996 yeye ndiye daktari wa akili aliyetegemewa na mahakama. Qali alikuwa mkalimani wa mahakama hiyo, tena mchumba wake, ingawa posa rasmi ilikuwa bado.

"Abaayo macaan, dada mtamu, mbona jana ulinikatia simu?"

"Usiniite macaan! Umemwita Arbia mwendawazimu."

Arbia, mke wa mfugaji wa Kiborana, alishtakiwa kwa kuchoma kibanda cha jirani. Issack alimhoji kwa Kiswahili, bila mkalimani, kwa kujiamini tu.

"Nilimuuliza jina la baba mkwe wake mara tatu, Qali. Akainama, kimya. Mtu asiyewajua watu wa nyumbani kwake..."

"Anamjua, wallahi! Mke wa Kiborana hamtaji baba mkwe kwa jina. Ni heshima. Mama yangu Mborana, nami nimelelewa hivyohivyo. Wewe na vyeti vyako, heshima umeiita wazimu! Leo hakimu anampeleka hospitali ya wendawazimu Nairobi, na mtoto bado ananyonya."

Issack alinywea. "Ripoti iko kwa hakimu tayari. Nikiigeuza nitachekwa."

"Basi chekwa! Ama utafute mke mwingine."

Akaondoka, buibui likipepea.

Mahakamani, hakimu alipofungua faili, Issack alisimama. "Mheshimiwa, nimekosea. Mama huyu ana akili timamu. Mimi ndiye sikumwelewa."

Wakili mmoja akacheka waziwazi. Hakimu akaamuru Arbia abaki na mwanawe, ahojiwe upya kwa mkalimani. Qali alimtafsiria Arbia kwa ghadhabu, maana mama wa watu alikaribia kupotezwa kwa kiburi cha mtu mmoja.

Nje, Issack alimfuata.

"Bado una hasira?"

"Ninayo, na leo haiishi. Umemwomba Arbia radhi?"

"Nimemwomba. Ijumaa namleta baba kwa wazee wenu, kukuposa. Wakiuliza ni nani anakuja, utawatajia jina lake?"

Jina hilo, ambalo ndilo jina la pili la Issack, Qali alikuwa akilitaja kila siku mahakamani bila wasiwasi. Sasa alimkazia Issack macho, uso bado umekunjamana, kisha akafumba midomo na kuinamisha kichwa.

Issack hakuuliza mara ya pili.