Tangazo la Mistari Miwili

Shahida hakuwa na simu, hakuwa na baiskeli, hakuwa na chumba cha peke yake, wala hakuwa na subira. Vitatu vya mwanzo havikumdhuru mtu. Alichojaaliwa ni mwandiko, tena mzuri hata walimu wa skuli yake walimpa aandike majina kwenye vyeti.

Kila alasiri mtoto huyo wa miaka kumi na mitatu alitoka kwao Ng'ambo akaenda Mkunazini, Mji Mkongwe, kumsaidia shangazi yake, Bi Zeyana, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vinane. Alikunja mashuka, akapanga funguo, akaandika majina ya wageni kitabuni.

Mwaka huo masika yalinyesha mpaka kuta zikabambuka. Bi Zeyana akamwita.

"Naam, shangazi."

"Kaa uniandikie tangazo la mtu wa kazi. Andika yote atakayofanya: kufagia ua, kupandisha maji ghorofani, kuchanganya chokaa na kuziba kuta. Na awe mtu aliyewahi kufanya kazi ya chokaa. Usisahau hilo."

Nje, barazani, rafiki yake Nadra alikuwa ameshika mpira wa rede, akimngoja wakacheze. "Shahida, unaandika tangazo au hati ya nyumba? Jua linakuchwa hilo."

Shahida akaandika mbio mbio: "Anahitajika mtu wa kazi. Awe mwaminifu na mwenye bidii."

"Nshamaliza, shangazi."

Bi Zeyana hakuwa na miwani karibu. Alitazama herufi zilivyopangika, akaridhika, akatia saini bila ya kusoma. Tangazo likabandikwa dukani Darajani.

Siku ya pili akaja Silima, mtu mzima wa Mkokotoni, aliyekuwa mlinzi wa skuli miaka kumi na minne. "Tangazo nimelisoma, Bi," alisema. "Uaminifu ninao, na bidii ninayo."

Bi Zeyana alidhani kampata mjuzi wa chokaa. Silima alidhani kaja kufagia na kulinda. Kwa alivyolelewa Silima, kumdadisi mwenye nyumba kazi unayopewa ni utovu wa adabu. Bi Zeyana naye aliona haya kumhoji mtu mzima kama mtoto. Basi hakuuliza huyu, hakuuliza yule.

Siku ya tatu Bi Zeyana alikwenda msibani Bububu, akaacha maagizo.

"Mzee Silima," alisema Shahida, "shangazi kasema uchanganye chokaa ile ya kwenye pipa."

Silima aliyatazama mawe meupe ndani ya pipa. "Chokaa?"

"Hujapata kuichanganya?"

"Mtu wa kazi hachagui kazi, mwanangu."

Shahida aliona mikono ya mzee inavyositasita. Maneno yalimfika ncha ya ulimi: ngoja arudi shangazi. Akayameza, kwa kuwa kuyasema kungefichua alivyolikatisha tangazo.

Chokaa mbichi haimwagiwi maji. Yenyewe ndiyo hutiwa majini, kidogo kidogo, na mtu akasimama mbali. Silima alimimina ndoo nzima juu ya mawe, akainama kutazama. Pipa likanguruma, likachemka, likamrukia usoni.

Hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu, akasema, "Nishike mkono, sioni."

Shahida alimmwagia maji safi machoni, ndoo baada ya ndoo, huku akiwaita majirani. Walimchukua hospitali. Jicho la kulia halikupona. La kushoto lilibaki na ukungu.

Bi Zeyana na Shahida walipokwenda kumtazama, Silima alisema, "Laiti tangazo lingetaja chokaa, ningelisoma nikapita zangu."

Shahida akasogea karibu na kitanda. "Niliambiwa niitaje, mzee. Mimi ndiye niliyeiacha."

Silima aligeuzia uso ukutani. "Nimekusikia," alisema.

Nyumbani Shahida alingoja bakora. Badala yake Bi Zeyana aliliweka mezani lile tangazo, alilolibandua dukani. "Saini hii ya nani?"

"Yako, shangazi."

"Basi tuko wawili."

Silima alirudi kwao. Hakuna aliyetaka mlinzi wa jicho moja. Baada ya miezi miwili Bi Zeyana alimpelekea salamu kwamba anataka mtu wa mlangoni. Jibu lililetwa na bintiye Silima, Sichana, aliyekuwa mwalimu huko Mkokotoni: "Baba anasema haji tena kwa maneno ya mdomo. Kazi iandikwe yote, nimsomee. Akiona anaiweza, atakuja."

Safari hii Shahida hakukimbilia kalamu. Alikaa mlangoni Jumamosi na Jumapili tangu asubuhi, akatazama kila kinachofanyika. Kisha akaandika:

"Kazi ni kukaa mlangoni, tangu saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri. Utawafungulia wageni na kupokea funguo. Hutapanda ngazi. Hutabeba mizigo. Hutagusa chokaa. Anayehitajika awe mwaminifu, na awe hodari wa kutambua sauti za watu. Jicho moja linatosha. Ukiambiwa ufanye lisiloandikwa hapa, unaweza kukataa, na hatutakuona huna adabu."

Bi Zeyana alivaa miwani, akasoma mara mbili.

"Na Ijumaa? Nani atakaa mlangoni akenda msikitini?"

"Nimesahau."

"Iandike."

Shahida akaiandika: yeye Bi Zeyana mwenyewe atakaa. Shangazi akatia saini, akashikilia karatasi kidogo kabla ya kumrudishia.

"Sikiliza, mwanangu. Anayemwandikia mtu kazi ameshika mwili wa mtu asiyemjua. Mwandiko mzuri ni pambo tu. Ukweli wote, hata ule unaochosha mkono, ndio amana. Jicho lile hatulirudishi mimi na wewe."

Shahida aliikunja barua, akaitia kwenye bahasha, akailamba gundi na kuibana kwa vidole mpaka ikashika. Nadra alimwita barazani. Akamwambia angoje. Alikwenda peke yake mpaka posta, akasoma anwani mara ya mwisho, herufi kwa herufi, kisha akaitumbukiza barua sandukuni.