Dole Gumba la Minza

Mafuko sita wa chuma, roboti wa kuchimba ardhi, walizama kwenye tope saa nne asubuhi, na kabla chai haijapoa katika chumba cha uokoaji, watu kumi na wanne walikuwa wameshatolewa hai. Mlima ulikuwa umeporomokea nyumba za waponda kokoto, pembezoni mwa Mwanza. Zamani ingekuwa kazi ya sepetu na vilio. Siku hizi kila simu iliyosajiliwa kwenye Daftari la Uhai husikiliza mapigo ya moyo ya mwenyewe, na fuko huyafuata mapigo hayo chini ya ardhi, akimwita mtu kwa jina.

Mhandisi Minza Lugoye ndiye aliyeliunda Daftari hilo, na kanuni yake aliijivunia: mtu mmoja, uhai mmoja. Mwanzoni wakubwa walisajili simu nne nne kwa jina moja ili waokolewe kwanza, na mafuko wakapoteza saa nzima wakichimbua mikoba yenye simu tu. Minza akakata mzizi wa fitina. Simu ya pili ya mtu aliye salama ikahesabiwa kuwa kitu kilichodondoka tu, wala fuko haigusi.

"Mama yako wa kule mlimani simwoni kwenye orodha, dada," alisema Lubango, fundi wa mitambo. "Hakusajiliwa?"

Minza akainamia ramani. Alisajiliwa. Miezi mitatu iliyopita walikaa wote wawili mbele ya mashine, nayo ikakataa vidole vyote kumi vya mama. Miaka arobaini ya kuponda kokoto ilikuwa imefuta alama zote. Sheria ilitaka apelekwe wilayani kuhakikiwa, na Minza alikuwa na kikao.

"Weka chako tu, mwanangu," Bi Kwandu alimwambia. "Hata laini yangu ya zamani si ilikuwa kwa jina la mjomba wako? Nani aliniuliza?"

Minza akabonyeza dole gumba lake. Wiki ijayo nitarekebisha, alisema. Ndivyo tulivyo, wiki ijayo yetu haimo kwenye kalenda yoyote.

Sasa aliiona simu ile kwenye ramani, mita tano chini ya tope, mapigo hamsini na nane kwa dakika. Pembeni yake pameandikwa: KITU KILICHODONDOKA. MINZA LUGOYE YUKO SALAMA. Fuko wa nne akaipita hatua mbili tu.

"Badilisha jina!"

"Wakati wa maafa Daftari hujifunga, dada. Si wewe mwenyewe ulisema watu wasije wakalichezea?"

Minza akaitoa simu yake mfukoni, akaipigiza sakafuni, akaikanyaga mpaka ikazima. Daftari likasubiri dakika tisa, kama alivyoliagiza lifanye simu ya mtu ikizimika, kisha likatangaza kwamba Minza Lugoye yumo chini ya tope. Fuko wa nne akageuka. Minza akalia kwa furaha, amemshika Lubango mkono.

Fuko humuuliza mtu jina kabla ya kumtoa. Akisema siye, fuko huendelea kumtafuta mwenye jina, kwani huyo aliyejibu huhesabiwa kuwa na simu yake mwenyewe, na atafikiwa kwa zamu yake. Walio juu husikia tu. Hawawezi kusema kupitia kwake. Spika ikakoroma.

"Usiogope. Je, wewe ni Minza Lugoye?"

Kisha sauti nyembamba, yenye kukohoa: "Minza? Minza naye kafukiwa?"

"Sema ndiyo, Mama," Minza alinong'ona. "Sema ndiyo tu."

"Je, wewe ni Minza Lugoye?"

"Hapana, baba. Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha, niache. Kamtafute mwanangu. Fanya haraka, tafadhali."

"Asante," alisema fuko, akarudi kinyumenyume.

Minza alikuwa ameshatoka mbio kuelekea mlimani. Bi Kwandu alitolewa kesho yake adhuhuri, kwa sepetu, mwili umeshapoa. Mafuko waliendelea kuchimba siku tatu, wakimwita Minza kwa jina, na yeye amesimama pale pale juu yao, anawasikia.